Geuza kikombe usome chini!

Leo tuache mambo ya mitihani kidogo, tuongelee vyombo. Ndiyo, vyombo! Sisi watu wa historia tumezoea kutafuta ushahidi kwenye makaratasi tu, kumbe hata kitako cha kikombe kina habari zake.

Chukua kaure za Japani, zile zenye maua na dhahabu. Zilianza kutengenezwa Arita, kisiwani Kyushu, mwanzoni mwa karne ya 17. Kazi hiyo inatokana na mafundi wa Kikorea waliopelekwa Japani wakati wa vita vya Hideyoshi vya 1592 hadi 1598. Mizigo ilipitia bandari ya Imari, ndo maana Wazungu wakaziita Imari. Jina likawa la bandari, siyo la fundi.

Sasa umri wa chombo unaujuaje? Wengi husoma maandishi ya chini. Sawa, lakini jiulize yaliandikwa kwa amri ya nani. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya ushuru ya McKinley, na kuanzia 1891 bidhaa za nje zikatakiwa kuonyesha nchi zilikotoka. Wajapani wakaandika NIPPON, jina wanaloiita nchi yao. Mwaka 1921 forodha ya Marekani ikakataa: hilo neno la Kijapani, andikeni JAPAN. Wakaandika. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja wanajeshi wa Marekani, na vyombo vingi vya kuuza nje vikaandikwa MADE IN OCCUPIED JAPAN, yaani vimetengenezwa Japani iliyokaliwa. Ukiliona neno hilo, chombo ni cha kabla au karibu na 1952, ukaliaji ulipokwisha. Hebu fikiria, unachora ua taratibu kwa brashi, halafu chini unaandika kwamba nchi yako imetekwa!

Ila msikimbilie kuamini. Mafundi wa Arita walizoea kunakili alama ya mfalme Chenghua wa China, aliyetawala 1464 hadi 1487, wakati kaure ya Arita ilikuwa bado haijazaliwa. Matapeli nao wamegushi alama za NIPPON. Na kisicho na maandishi siyo lazima kiwe cha kale, huenda kiliuzwa Japani kwenyewe.

Kwa hiyo kagua chombo chote. Chukua lenzi: ukiona vidotidoti vilivyopangana sawasawa, picha imechapwa kiwandani, lakini brashi huacha mistari mizito na myepesi. Ukingo wa chini ulikaa mezani miaka mingi utakuwa na mikwaruzo ya huku na huku, siyo ya kusuguliwa upande mmoja.

Mimi ninachokiona ni hiki: yale maandishi hayamtaji fundi. Yanamtaja mwenye nguvu wa wakati ule, anayenunua au anayetawala. Tarehe tunaipata kwa sababu mtu mwingine aliamua Mjapani aiiteje nchi yake.

Mkienda likizo, geuzeni vile vikombe vya bibi vya kwenye kabati (viwe vitupu jamani!) mniambie mmesoma nini. Kazi njema wadau.