Fiat Tagliero: Kituo cha Petroli Kilichogeuka Urithi

Kituo cha petroli hujengwa ili gari lijaze tangi liende zake. Ndiyo maana vingi hubomolewa bila mtu kuuliza. Kimoja mjini Asmara, Eritrea, kiitwacho Fiat Tagliero, kimesimama tangu 1938, na historia yake inatufaa sana sisi wa Bumula, Bungoma na Kitale nchini Kenya, ambao miji yetu imekulia kandokando ya barabara.

Eritrea ilikuwa koloni la Italia tangu 1890. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Waitalia walimiminika Asmara, magari yakaongezeka na majengo yakaota kila upande. Ndipo mhandisi Giuseppe Pettazzi alipochora kituo chenye umbo la ndege. Katikati upo mnara wenye ofisi, duka na dawati la mtunza fedha, madirisha yake yamezunguka mbele mithili ya chumba cha rubani. Kutoka mnarani yanatokeza mabawa mawili ya zege, kila moja mita 15, bila nguzo hata moja. Magari yalijazwa mafuta kivulini mwake.

Nguvu ya mabawa hayo imo ndani. Zege huvumilia kubanwa lakini hupasuka likivutwa, kwa hiyo nondo za chuma ndizo zinazobeba mvuto. Tena bawa la kulia husawazishwa na la kushoto, kama mizigo miwili ya mzega begani. Wakuu wa mji hawakuamini, wakataka nguzo ziwekwe. Husimuliwa kwamba siku ya uzinduzi mjenzi aliogopa kuziondoa, na Pettazzi akamtolea bastola mpaka akatii. Bastola tuwaachie wasimulizi. Nguzo ziliondoka, na mabawa hayajaanguka hadi leo.

Yalipita mengi juu ya kituo hicho. Waingereza waliwashinda Waitalia mwaka 1941, kisha vikaja vita vya ukombozi dhidi ya Ethiopia vya miaka 30, kuanzia 1961 hadi 1991. Wakoloni walikuwa wameigawa mitaa ya Asmara kwa rangi ya ngozi, ingawa waliobeba mawe na saruji ni vibarua Waeritrea. Taifa huru lingeweza kuyavunja majengo ya wakoloni hao kwa hasira. Badala yake liliyahesabu kuwa jasho la watu wake. Fiat Tagliero kiliwekwa daraja la kwanza la ulinzi, maana yake hakuna sehemu yake inayoruhusiwa kubadilishwa. Kilikarabatiwa mwaka 2003, na Julai 2017 UNESCO iliuingiza mji wa Asmara katika Urithi wa Dunia.

Kwetu pia njia ya kulinda urithi ipo. Makumbusho ya Kitale yalianzishwa mwaka 1926 na mlowezi Hugh Stoneham, mkusanyaji wa wadudu na vitabu, aliyeiachia Kenya hazina yake. Jengo jipya likafunguliwa 1974. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamruhusu waziri kutangaza jengo kuwa kumbukumbu inayolindwa. Katiba ya 2010 nayo imezipa kaunti jukumu la makumbusho.

Basi tuanze na kuorodhesha. Kila kituo cha zamani kipigwe picha kabla ya tingatinga kufika: paa lake, pampu zake, maandishi yaliyofifia ukutani. Wazee waliopampu mafuta na makanika waliolala chini ya malori waulizwe na kurekodiwa. Matangi ya chini ya ardhi yaondolewe na wataalamu, kwa sababu yakivuja huharibu maji ya visima. Jengo lenyewe lipewe kazi, liwe mkahawa, maktaba au karakana ya vijana, maana nyumba isiyokaliwa haidumu. Asmara haikusubiri kituo chake kisifiwe na dunia ndipo ikilinde. Ilikilinda kwanza, sifa zikafuata. Nasi tunaweza kufanya hivyo Bungoma.