Furaha Inayoonewa Haya: Watu Wazima wa Jinja na Mbale Mbele ya Riwaya za Ajabu

Si nadra siku hizi, katika miji ya Jinja au Mbale nchini Uganda, kukutana na mwalimu, mhasibu au muuguzi wa makamo anayeungama, kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa, kwamba amesoma riwaya ya kisayansi au ya fantasia na imemkosesha usingizi. Sauti hiyo ndiyo inayonishughulisha hapa. Mtu mzima kufurahia kitabu ni jambo la kawaida. Kinachohitaji maelezo ni haya anayoiona, na jinsi furaha yenyewe ilivyomjia kama mgeni asiyetarajiwa. Ninadai kwamba mshangao huo ulitengenezwa darasani, na kwamba ladha yenyewe ilikuwapo zamani.

Ushahidi wa kwanza upo kwenye kibanda cha video. Kwa miaka mingi madereva wa bodaboda, wachuuzi wa sokoni na vibarua wa viwandani wamelipa kiingilio kidogo, wakabanana kwenye mabenchi na kutazama filamu za kigeni zikitafsiriwa kwa Kiganda na VJ, yaani mfasiri anayesimulia filamu papo hapo. Mabingwa wa kazi hiyo, VJ Jingo na wenzake, hawafasiri maneno matupu. Humpa mhusika jina la nyumbani, huchomeka methali, humtania jemadari wa sayari ya mbali kana kwamba ni mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aliyekula fedha za kisima. Vyombo vya angani, roboti, wafu wanaotembea: vyote hupita, na hakuna anayesimama kusema kwamba haya ni mambo ya watoto. Mpe mtazamaji huyohuyo riwaya yenye chombo cha angani kwenye jalada, naye atakuuliza kama umemnunulia mwanawe. Aibu hiyo, basi, haikutoka kwenye kisa. Imefungamana na kitabu, na kitabu kwetu kilikuja na shule.

Shule nayo ina historia. Mnamo Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa bado mwanafunzi, aliandika baadaye katika Decolonising the Mind (1986) kwamba Shaaban Robert na D. O. Fagunwa hawakuwa na sifa ya kualikwa, kwa kuwa walitunga kwa lugha za Kiafrika. Wahakiki wameijadili hoja hiyo ya lugha hadi ikachakaa. Wasichokitilia maanani ni kwamba wawili hao walikuwa mabingwa wa utunzi wa ajabu. Fagunwa alikwisha kumwingiza mwindaji wake katika msitu wa mizimu mwaka 1938. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo wa Juni, alikuwa ametupa Kusadikika (1951), nchi inayoelea angani, ambayo wajumbe wake hutumwa pande sita. Mmoja hupelekwa mbinguni na mwingine ardhini, na hiyo ardhi kwao ni ugenini. Mlango uliofungwa kwa sababu ya lugha uliacha nje aina nzima ya utunzi.

Mtu anaweza kunipinga kwa kumtaja Amos Tutuola, aliyeandika kwa Kiingereza. Lakini huyo ananiunga mkono: The Palm-Wine Drinkard (1952) ilisifiwa London huku wasomi wengi wa Nigeria wakiionea haya. Tolkien, katika mhadhara wa 1939, alilalamika kwamba Waingereza walizisukumia hadithi za ajabu chumba cha watoto kama fanicha kuukuu ambazo wakubwa hawazitaki tena. Sisi tulifanya hivyo kwa mtaala. Wakayima, yule sungura mjanja wa ngano za Kiganda, aliachwa shule ya msingi. Sekondari tukakabidhiwa ukoloni, ndoa zilizovunjika na viongozi wala rushwa. Ni maudhui mazito, sikatai, ila mwanafunzi alihitimu akiamini kwamba fasihi ya watu wazima haina budi kukanyaga ardhi.

Nadharia za Ulaya hutusaidia nusu ya njia. Darko Suvin (1979) aliitukuza bunilizi ya kisayansi kwa sababu humtoa msomaji katika mazoea yake kwa nguvu ya hoja, lakini fantasia aliidharau. Tzvetan Todorov (1970) aliiweka fantasia pale msomaji anaposita kati ya maelezo ya kawaida na yasiyo ya kawaida. Peleka mipaka hiyo Jinja uone itakavyoyumba. Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012, na maji yake yakafunika maporomoko ambayo kwa Wasoga wengi ni makao ya mzimu Budhagaali. Kabla ya hapo watu walibishana miaka mingi kuhusu kuihamisha mizimu: nani ana mamlaka ya kuiomba iondoke, kwa tambiko gani, na kwa gharama ya nani. Mambo hayo yalijadiliwa katika nyaraka za mradi uleule uliopima mtiririko wa maji na kukadiria fidia za mashamba. Mlezi wa mahali hapo, mwenye cheo cha Nabamba Budhagaali, alipinga uhamisho huo.

Msomaji aliyekulia karibu na ubishi wa namna hiyo, akikuta injinia na roho katika ukurasa mmoja, hasiti kama Todorov anavyotaka. Anauliza swali gumu zaidi: mwandishi ameipa roho hii kanuni gani, na je, anazishika? Mtoto huridhika kwamba simba amesema. Mkubwa hutaka kujua amesema kwa idhini ya nani. Ndiyo maana Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi (2014) inawanasa wasomaji wa umri huu. Laana inayoanza mwaka 1750 inafika hadi 2004, wakati ukoo unapokusanyika kuiondoa, na msomi aliyesoma Ulaya anajikuta katikati ya tambiko asiloliamini sawasawa. Makumbi hamlazimishi msomaji kuchagua kati ya ugonjwa na laana.

Mbale ina mwandishi wake wa jirani. Dilman Dila alizaliwa Tororo, mwendo mfupi kwa gari, na mkusanyo wake A Killing in the Sun (2014) una mbu waliobadilishwa kijenetiki wanaowageukia binadamu. Kwa watu wa mkoa uliozoea malaria, huo si mchezo wa kuwazia tu. Vivyo hivyo, aliyeona mito ya Nabuyonga na Namatala ikivamia mji mwishoni mwa Julai 2022 hatasoma riwaya ya miji iliyozama kama habari za Wazungu.

Wapo wanaokataa kwa sababu za imani. Walokole, na Waislamu wengi pia, huogopa kwamba kusoma habari za uchawi ni kuukaribisha. Nawaheshimu, lakini hoja yao haistahimili rafu zao wenyewe: Alfu Lela Ulela imejaa majini, na haikumwondoa mtu msikitini. Hoja ya kwamba riwaya hizi ni za kukimbia maisha ni dhaifu zaidi. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Moi, alimrusha mhusika wake Dzombo hadi sayari nyingine katika Walenisi (1995) ili aitazame vizuri nchi aliyohukumiwa kufia.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, likapendekeza kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Walimu wengi wa Jinja na Mbale watalazimika kujifunza upya, wakiwa watu wazima, lugha waliyoizoea ya sokoni na kambini. Wanaopanga vitabu vya mafunzo hayo wasiwape barua za kuomba kazi na mashairi ya kusifu uhuru peke yake. Wawape Kusadikika na Walenisi, na maktaba za umma za miji hii miwili ziviweke vitabu hivyo kwenye rafu za watu wazima.