Sauti za Watoto wa Islington

Kila mwaka, ninapoifikia mada ya elimu na utawala, huwasikilizisha wanafunzi wangu wimbo mmoja wa bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd. Ni sehemu ya pili ya "Another Brick in the Wall", kutoka albamu The Wall iliyotolewa tarehe 30 Novemba 1979. Wengi wanaufahamu. Hutikisa vichwa kwa mdundo, hutabasamu wanapoisikia kwaya ya watoto wakiikataa shule, nami huwauliza: watoto hao walikuwa akina nani, na walilipwa nini? Ukumbi hunyamaza. Siulizi kwa ukorofi. Naamini kwamba namna wimbo huu ulivyotengenezwa inaeleza habari za mamlaka kwa kina kuliko mashairi yake.

Mtunzi ni Roger Waters, ambaye baba yake aliuawa vitani huko Anzio, Italia, mwaka 1944, yeye akiwa mtoto mchanga. Alisoma shule ya wavulana mjini Cambridge na hakuisamehe. Walimu wake, kwa kumbukumbu yake, walikuwa watu wa kejeli, wenye kumdhalilisha mwanafunzi mbele ya wenzake. (Sisi tuliosomeshwa kwa viboko hatuhitaji kufafanuliwa hilo.) Mwezi Julai 1977, bendi ikitumbuiza katika uwanja wa Olimpiki wa Montreal, Waters alimtemea mate shabiki aliyekuwa akipiga kelele mbele ya jukwaa. Alishtushwa na kitendo chake mwenyewe, na hapo likazaliwa wazo la ukuta baina ya msanii na hadhira yake, kila jeraha la maisha likiwa tofali moja. Shule ilikuwa mojawapo ya matofali hayo.

Wimbo alioutunga ulikuwa mfupi mno: ubeti mmoja na kiitikio kimoja. Mtayarishaji wa albamu, Bob Ezrin kutoka Kanada, ndiye aliyeona kwamba mlikuwa na kitu kikubwa ndani yake. Alitaka mdundo wa disko, muziki wa vilabu vya usiku ambao mashabiki wa roki wa enzi zile waliubeza waziwazi. David Gilmour, mpiga gitaa, hakuvutiwa na ushauri huo, lakini mdundo ukabaki. Kisha Ezrin akanakili kanda ya ubeti, akaunganisha nakala yake baada ya kiitikio kwa pigo la ngoma, na wimbo ukarefuka. Tatizo likawa kwamba beti mbili sasa zilikuwa na maneno yaleyale kwa sauti ileile. Suluhisho lake lilikuwa watoto. Alikwisha kuwatumia mwaka 1972 katika wimbo wa Alice Cooper kuhusu kufungwa kwa shule.

Wakati huo bendi ilikuwa Los Angeles, baada ya kuondoka Uingereza kwa sababu za kodi. Kwa hiyo agizo likatumwa kwa Nick Griffiths, fundi wa studio yao ya Britannia Row, mtaa wa Islington, London: tafuta watoto waimbe. Griffiths hakwenda mbali. Karibu na studio palikuwa na shule ya serikali, Islington Green, na mwalimu wake wa muziki, Alun Renshaw, alilipokea ombi kwa shauku. Alitaka somo lake liguse maisha ya vijana wale, lisiishie kwenye kuwasikilizisha kazi za watunzi wa kale. Akawapeleka wanafunzi 23 studio. Sauti zao zilirekodiwa na kurudiwa juu ya kanda mara 12, hata zikasikika kama umati. Ezrin amesimulia kwamba Waters alipoisikiliza kanda hiyo uso wake ulilainika, akajua kuwa hii ingekuwa rekodi yenye uzito.

Nakiri kwamba Renshaw ndiye mtu ninayemtafakari zaidi katika mkasa huu. Wimbo unaowashutumu walimu usingekuwa ulivyo bila mwalimu aliyewaamini wanafunzi wake. Lakini pia alimficha mwalimu mkuu, Margaret Maden, maneno ya wimbo, akihofia angeuzuia mpango. Maden alipashwa habari baadaye, na hakufurahi. Aliwakataza wanafunzi wasionekane kwenye filamu ya wimbo, ikabidi watumike watoto wengine. Hata hivyo alikuja kusema kwamba, kwa jumla, jambo lile lilikuwa sehemu ya malezi mazuri ya kimuziki. Watumishi wa umma wanaonisoma watamwelewa: ndiye aliyebaki kujibu hoja za wakubwa wa elimu na magazeti.

Na malipo? Shule ilipewa pauni 1,000. Hapakuwa na mkataba wowote wa mirabaha kwa waimbaji, huku wimbo ukishika nafasi ya kwanza Uingereza wakati wa Krismasi 1979, na mwaka uliofuata nchini Marekani, ukauzwa kwa mamilioni.

Mwaka huohuo wa 1980 wimbo ulifika mahali ambapo Waters hakupalenga. Katika eneo la Cape Town wanafunzi, wengi wao wa jamii zilizoitwa "Coloured" na sheria za ubaguzi wa rangi, walianza mgomo mwezi Aprili. Madai yao yalikuwa bayana: vitabu havitoshi, majengo mabovu, fedha za elimu zinagawanywa kwa rangi ya ngozi. Waliuimba wimbo wa Islington katika mgomo wao, na mwezi Mei serikali ikaupiga marufuku. Hapa sikubaliani na wanaoubeza kuwa ni malalamiko ya mtu aliyeshiba. Waters alikuwa akimzungumzia mwalimu mwenye kejeli, lakini vijana wa Cape Town walikuwa na wizara nzima iliyopangwa ili wasifike popote, na maneno yaliwatosha.

Wale 23 wa London walisubiri zaidi. Mwaka 1996 sheria ya hakimiliki ya Uingereza ilibadilishwa, ikawapa wanaotumbuiza katika rekodi haki ya mgawo wa fedha kila rekodi inapotangazwa redioni au kupigwa hadharani. Haki hiyo haimfuati mtu nyumbani, sharti aidai. Mwaka 2004 wakala mmoja wa mirabaha alianza kuwatafuta wanafunzi wale wa zamani, ambao sasa walikuwa watu wazima wa takribani miaka 40, ili kila mmoja ajitokeze na kuthibitisha kwamba miongoni mwa sauti zile zilizorudiwa mara 12, mojawapo ilikuwa yake.