Pilipili, kapsuli na kuku wa Ankoro

Ankoro iko teritwari ya Manono, jimbo la Tanganyika nchini Kongo (DRC), pale mto Luvua unapoingia Lualaba. Kuku wa kienyeji huko hujitafutia: mchwa, punje za mahindi, makombo ya bukari (ugali). Kuku akijikunyata na kulegeza mabawa, mwenyewe huponda pilipili na kuitia katika maji yake ya kunywa. Au hununua kapsuli ya tetrasaiklini iliyotengenezwa kwa ajili ya watu, akaifungua na kumwaga unga wake majini.

Dawa ya kapsuli hiyo iliingia kwenye banda la kuku kwa bahati tu. Mwaka 1948, katika kampuni ya Lederle huko Marekani, Thomas Jukes alikuwa akitafuta vitamini B12 ya bei nafuu kwa vifaranga. Akawalisha masalia ya kijidudu cha udongoni, Streptomyces aureofaciens, kilichotumika kutengeneza antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini. Vifaranga wakanenepa kupita kiasi ambacho vitamini ingeweza kueleza. Mwaka 1950 yeye na Robert Stokstad wakatangaza matokeo, na mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikaruhusu antibiotiki zichanganywe kwenye chakula cha mifugo.

Shida ilikuwa hapo: dozi ndogo, kila siku, kwa kuku wasioumwa. Bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana, kisha humfikia binadamu. Kamati ya Michael Swann ilionya Uingereza mwaka 1969. Sweden ikapiga marufuku dawa za kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake Januari 2006. Kinachoniuma ni kwamba kwetu kapsuli zinauzwa rejareja, bila mtu wa kumweleza mfugaji kipimo.

Marufuku ziliwafanya watengenezaji wa chakula cha kuku wageukie mimea: mafuta ya oregano, karafuu, kitunguu saumu, na pilipili. Kuku hula pilipili kali bila kuwashwa. Mwaka 2002 Sven-Eric Jordt na David Julius walionyesha sababu: kipokezi cha neva kinachotuunguza sisi ulimi, kwa kuku hakiitikii ukali huo. Kwa hiyo mama wa Ankoro anayeponda pilipili hamtesi kuku wake, na anachokishika mkononi ni kitu ambacho viwanda vimekirudia baada ya nusu karne.

Hata hivyo sitampa mfugaji matumaini ya uongo. Kideri, ugonjwa unaoweza kufagia kuku wa kijiji kizima, ni wa virusi. Ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na Newcastle, Uingereza. Kapsuli haiugusi, wala pilipili haiuponyi. Dawa yake ni kuuwahi kwa chanjo. Iko ya I-2, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, na Tanzania huitengeneza: tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, hivyo husafirishwa vijijini ndani ya kikapu, chupa ikiwa imefungwa kitambaa kibichi.