Njia ya Gurumo, Kutoka Mlimani hadi Chang'ombe

Led Zeppelin waliporudi jukwaani London, Desemba 2007, watu walivuka bahari kwenda kusikia kama sauti ya Robert Plant bado ipo. Kwa bendi kongwe za Dar es Salaam mambo huenda kwa njia nyingine. Hapa ni nadra bendi kuvunjika ikaungana upya. Wanamuziki ndio wanaohama, bendi inabaki. Miaka ikipita, aliyehama anarudi, na wapenzi wa dansi wanalipa kiingilio kwenda kumpima.

Chanzo ni vyombo. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alipoingia NUTA Jazz mwaka 1964 aliingia kama mwajiriwa. Magita, tarumbeta, spika na hata jina la bendi vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na mwimbaji alisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi sawa na karani. Akikorofishana na wenzake, au akiahidiwa kikubwa kwingine, alichoweza kuondoka nacho ni koo lake. NUTA iligeuka JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991, na bendi ikawa inabadilishwa jina kila chama kilipobadilika. Mashabiki hawakujisumbua na hayo. Wao walikuwa wanakwenda Msondo, basi, na leo hilo ndilo jina lenyewe: Msondo Ngoma.

Anayetaka kufuata nyayo za Gurumo aanzie upande wa Chuo Kikuu, ilikozaliwa Mlimani Park, au Sikinde kwa mashabiki wake, mwaka 1978. Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka walitokea JUWATA. Abel Bartazar, Cosmas Chidumule na Michael Enoch walitokea bendi ya Dar International. Sikiliza rekodi zao za miaka ile kwa makini. Wimbo unaanza polepole, mtu anasimulia mkasa wa ndoa au wa fedha, na magita yanajibizana bila hata moja kulifunika jingine. Kisha mipulizo inaingia, tumba inakaza, na ule mkasa uliokuwa unakuliza unakuinua kitini. Kwangu mimi, hakuna bendi nchini iliyowahi kupanga sauti vizuri kuliko hii. Najua wapo watakaonuna.

Kituo kinachofuata ni Kimara. Hugo Kisima alikuwa na ukumbi wake huko, Safari Resort. Mwaka 1985 aliivunja bendi yake, Orchestra Safari Sound, akaunda International Orchestra Safari Sound, na akawachomoa Sikinde wanamuziki sita, Gurumo na Bartazar wakiwamo. Mtindo mpya ukaitwa Ndekule. Watu wakatabiri kifo cha Sikinde. Sikinde haikufa, maana vyombo vilibaki kwa DDC, shirika la jiji lililokuwa likiimiliki, na nafasi zikajazwa.

Jambo la ajabu kipindi hicho lilikuwa redio. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, kwenye studio za Barabara ya Pugu, na kanda zikabaki pale. Kwa hiyo mchana mtu wa Magomeni alimsikia Gurumo akiwa na NUTA, saa moja baadaye akamsikia akiwa na Sikinde, na jioni akapanda basi kwenda kumwona Kimara na Ndekule. Kila aliyehama alikuwa anashindana na sauti yake mwenyewe ya ujanani. Ndiyo maana wapenzi wa dansi wa Dar wana masikio makali: rekodi waliijua kwa moyo kabla hawajafika ukumbini.

Kinondoni nayo ilikuwa na yake. Maquis, Wakongo waliokuwa wametia fora White House ya Ubungo kwa mtindo wa Kamanyola, walikuja kupiga Lang'ata. Ila hiyo ni njia nyingine, na yenye kona nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gurumo alirudi Msondo. Kuanzia hapo, mkusanyiko halisi wa ukoo huu wa wanamuziki ni siku za mpambano, Msondo na Sikinde chini ya paa moja, zikipokezana, mara TCC Chang'ombe, mara Dar Live kule Mbagala. Matangazo husema ni ushindani, na mashabiki hugawanyika kama Simba na Yanga, wakitaniana kuanzia getini. Lakini hesabu ni ngumu. Bitchuka ameimba kwa vipindi tofauti pande zote mbili. Shaaban Dede vilevile. Ukimzomea wa upande wa pili, huenda unamzomea aliyetunga wimbo unaoupenda wa kwenu.

Safu hiyo imepungua. TX Moshi William, aliyeibeba Msondo kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2006. Gurumo alistaafu mwaka 2013, Diamond Platnumz akamzawadia gari, na Aprili 2014 akafariki. Dede alifuata Julai 2017. Chidumule alishahamia muziki wa Injili zamani.

Nyimbo zao sasa zinaimbwa na vijana, na hapo ubishi wa Chang'ombe umepata sura mpya. Kuna wanaosema bila Gurumo, Msondo ni bendi nyingine yenye jina la zamani. Wengine, nami nipo nao, wanamtaja Said Mabera. Huyu aliingia NUTA mapema miaka ya 1970, na wakati waimbaji wakihama na kurudi, yeye aling'ang'ania gita lake la solo palepale, chama baada ya chama. Watu wa Sikinde wakisikia hoja hiyo wanacheka: solo haliimbi, wanasema, na kama ni mipulizo, twendeni tukasikilize ya kwetu.