Uvimbe wa Kongosho Chini ya Hadubini

Mwaka 1869 mjini Berlin, Paul Langerhans, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alichunguza kongosho la sungura akaona vifungu vidogo vya seli vilivyotawanyika katikati ya seli za kutengeneza vimeng'enya. Alivieleza kwa makini, ila hakujua vinafanya kazi gani. Mfaransa Gustave-Édouard Laguesse ndiye aliyeviita visiwa vya Langerhans mwaka 1893.

Mwaka 1902 Albert Nicholls wa Montreal alieleza uvimbe uliotokana na visiwa hivyo. Ulimwaga nini katika damu? Jibu lilisubiri kugunduliwa kwa insulini, Toronto, mwaka 1921. Mwaka 1927 Russell Wilder na wenzake wa Mayo Clinic waliandika habari za mgonjwa ambaye sukari yake ilikuwa ikishuka vibaya. Saratani ya visiwa ilikuwa imeshaenea hadi kwenye ini, na sungura waliodungwa maji yaliyokamuliwa kutoka uvimbe huo walishukwa na sukari vilevile. Huo ulikuwa ushahidi mzito kuliko wowote uliotangulia kwamba uvimbe wa visiwa humwaga insulini.

Kwa hadubini peke yake, siri hiyo isingefichuka. Seli za uvimbe huu huwa na sura ya utulivu: zinalingana kwa ukubwa, viini vyake ni vya mviringo, na kromatini yake ni kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. Hujipanga kwa mistari, mafungu au vijitezi, huku mishipa myembamba ya damu ikipita kati yake. Mpangilio huo hauonyeshi ni homoni gani inayotengenezwa. Dalili za kudokeza ni chache. Mojawapo ni amiloidi, yaani protini iliyogandamana, ambayo huonekana katika baadhi ya uvimbe wa insulini.

Kingamwili zenye rangi ndizo zilizofungua njia. Protini za kromogranini na sinaptofisini huthibitisha kuwa seli ni za ukoo wa kutengeneza homoni, kisha hutafutwa insulini, glukagoni au gastrini. Hata hivyo jina la uvimbe hutokana na maradhi yanayomsumbua mgonjwa. Rangi pekee haitoshi.

Swali gumu zaidi lilikuwa la hatari, kwa kuwa seli zenye sura ya upole zimewahi kusambaa hadi kwenye ini. Leo huhesabiwa seli zinazogawanyika, pamoja na zile zenye protini ya Ki-67. Kwa uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017, seli zenye Ki-67 zikiwa chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 la pili, na zaidi ya 20 la tatu.