Mshale wa Kirangozi

Kopo la kwanza nilimnunulia mimi. Nalisema mapema, ndugu msomaji, usije ukafika katikati ya habari hii ukadhani unamsoma mtu aliyekaa pembeni anahesabu makosa ya wenziwe.

Ilikuwa Jumapili, hapahapa Isikizya, kwenye uwanja wetu ulio nyuma ya miembe. Tulikuwa tunacheza na vijana wa Tabora mjini, wamekuja na lori, jezi zimepigwa pasi. Winga wetu wa kulia alikuwa kijana mmoja ambaye jina lake nitaliacha, maana ana mama, na mama yake anajua kusoma. Tumwite Winga tu. Alikuwa na mbio, bwana, mbio za kukufanya usimame bila kujijua. Siku hiyo alifunga mabao mawili, na la pili alilifunga akiwa amepoteza kiatu kimoja. Tulimbeba mabegani mpaka barabara ya Nzega, magari yakawa yanatupigia honi.

Mie nilikuwa nimeuza asali ya baba, pesa imejaa mfukoni. Nikasema leo Winga hanywi maji. Tukaenda kilabuni nikamletea wanzuki, kopo limejaa mpaka povu linamwagikia vidoleni. Ana miaka kumi na saba. Akaniuliza, "Kaka, na kesho shule?" Nikamwambia kesho ni kesho. Watu wakacheka. Kabla hajalimaliza, makopo mengine matatu yalikuwa yamekwisha kupangwa mbele yake, na kila aliyeleta alikuwa anampenda kwa dhati.

Basi.

Sisi wa huku tumelelewa na habari za miguu. Babu yangu alikuwa akisimulia habari za babu yake aliyekwenda pwani na kurudi, na alikuwa anaitaja Bagamoyo kama mtu anavyotaja jando. Mnyamwezi wa karne ya 19 ambaye hakuwahi kuiona bahari alitaniwa mpaka anazeeka. Kutoka Tabora hadi pwani ni kiasi cha kilomita 800, na mpagazi aliziendea kwa miguu na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani au kichwani. Watoto walianza kujifunza kwa kubeba kipande kidogo cha pembe. Waliobeba pembe kubwa za ndovu ndio waliojisikia kuliko wote, mfano wa washambuliaji wa leo. Ukiniuliza mimi, hao ndio wanamichezo wetu wa kwanza, ila tu hakuna aliyekuwa anawashikia saa.

Na wala hawakuwa malaika. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, mwezi Novemba 1857, na maandishi ya Burton juu ya misafara yamejaa pombe, bangi na ngoma za kambini usiku kucha. Ila kuna jambo moja aliloliandika ambalo nililisoma mara mbili. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, amevaa joho jekundu na manyoya ya mbega, nyuma yake ndiyo foleni yote. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Uwe na miguu ya swala, uwe na mzigo mwepesi, hupiti. Ukimpita, mshale mmoja unachomolewa podoni mwako. Jioni, mkishafika kambini, mshale unakutambulisha kwamba ni wewe, na unaukomboa kwa faini.

Faini hiyo ilimhusu nani? Si yule anayechechemea nyuma. Ilitungwa kwa ajili ya mwenye nguvu. Wale wazee walijua kwamba anayeweza kukimbia kuliko wenzake ndiye atakayefika peke yake mahali ambapo hakuna maji, au ambapo kuna watu wanaomsubiri.

Nilipousoma mshale huo nikamkumbuka Winga, halafu nikaacha. Aliyenifanya nirudi nikae na kalamu ni mtu mwingine kabisa, Mnandi wa Kenya, aliyefariki Nairobi tarehe 15 Februari 2024 akiwa na miaka 72. Henry Rono.

Vijana wengi kijiweni hawamjui. Nilimtaja, mmoja akaniuliza kama ni mchezaji wa Gor Mahia. Haya, sikilizeni.

Mwaka 1978 Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 8 Aprili, mjini Berkeley, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8. Tarehe 13 Mei, mjini Seattle, akavunja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tarehe 11 Juni, mjini Vienna, ya mita 10,000. Tarehe 27 Juni, mjini Oslo, ya mita 3,000 bila viunzi. Rekodi nne za dunia katika siku 81! Hapo hata msimu haujafika mwisho. Mwaka huohuo alitwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Afrika kule Algiers na mbili nyingine katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Rekodi yake ya viunzi ilikaa miaka kumi na moja, na ya mita 3,000 vilevile, mpaka 1989.

Sasa angalia na hili. Mwaka huohuo wa 1978, ulipofika wakati wa mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani, ambazo alikuwa ameshinda 1976 na 1977, bingwa huyo alimaliza akiwa mtu wa 237. Mwaka uliofuata akazishinda tena. Mtu anayeruka toka wa 237 hadi wa kwanza, huyo miguu yake haina tatizo.

Olimpiki hakucheza hata moja. Mwaka 1976 alikuwa amekwisha kuchaguliwa kwenda Montreal, nchi za Afrika zikajitoa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda Afrika Kusini ya makaburu. Sisi pia tulijitoa, na Filbert Bayi wetu akakosa pambano lake na John Walker. Mwaka 1980 Kenya ikasusia Moscow, Tanzania ikaenda. Ndipo Bayi akapata fedha katika mita 3,000 za viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Mpaka leo hizo ndizo medali zetu mbili pekee za Olimpiki, na tunazisimulia kama sala. Rekodi za dunia za mbio hizo zote mbili siku ile zilikuwa za Rono, naye hakuwepo uwanjani. Hilo linaniuma kidogo kila nikisikia Bayi anasifiwa, ingawa sifa anastahili.

Rahisi sana kusema kwamba Olimpiki ndizo zilizomwua moyo akaanza kunywa. Nilipenda niandike hivyo, insha ingekaa vizuri. Lakini Bayi naye alikosa Montreal, na mamia ya wengine walikosa. Hawakunywa wote.

Alichokuwa nacho Rono ambacho wengine hawakuwa nacho ni kwamba hata akilewa alikuwa anashinda. Septemba 1981 alikuwa anakimbia Ulaya huku chupa ikiwa imekwisha kuwa mwenzake. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia mbio za Knarvik, Norway, alikunywa, asubuhi akatoka kukimbia kutwanga ule ulevi utoke kwa jasho, kisha siku hiyo, tarehe 13, akavunja tena rekodi ya dunia ya mita 5,000: 13:06.20. Sasa wewe uliye karibu naye utamwambia nini? Utamwambia "kaka, pombe itakuharibia mbio" wakati ubao wa saa umesimama pale unakubishia? Riadha enzi hizo ilikuwa ya ridhaa kwenye karatasi, chini ya meza bahasha zinatembea. Mwenye mashindano alimtaka mstarini. Mashabiki walitaka muda. Baa nazo zilikuwa na watu waliotaka kusema kesho yake, "Jana nilikunywa na Rono." Nawafahamu watu hao. Nilikuwa mmoja wao, kwa kopo la wanzuki.

Kwa hiyo kirangozi wake hakuwepo, au alikuwepo, akapitwa, na mshale haukuchomolewa.

Baada ya hapo habari yake inateremka, nami sitaichezea ngoma. Mwaka 1986 alikamatwa New Jersey kwa kudhaniwa kuwa mtu mwingine, mwizi wa benki, akakaa ndani siku kadhaa kabla hawajagundua kosa lao. Fedha ziliisha. Alilala kwenye nyumba za hifadhi ya wasio na makazi, aliosha magari, aliegeshea watu magari yao. Miaka ya 1990 alikuwa uwanja wa ndege wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, anabeba mizigo ya abiria. Mpagazi! Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Mababu zetu walipanda kutoka mtoto mpaka mpagazi na wakavikwa heshima. Huyu alitoka kuwa mwanadamu mwenye kasi kuliko wote akashuka mpaka kwenye mkokoteni wa masanduku, na abiria aliyempa bakshishi hakujua ni mkono wa nani.

Lakini hakufia pale, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaotaka kila mlevi awe hadithi ya kaburi. Ipo hadithi ya kaburi, ya Samuel Wanjiru, bingwa wa marathoni wa Beijing 2008, aliyeanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu mwezi Mei 2011 akafa akiwa na miaka 24. Hiyo watu wanaijua. Ya Rono hawaijui kwa sababu ni ndefu na haina mshindo. Alijaribu kuacha, akarudi, akajaribu, akarudi, karibu miaka ishirini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaacha. Akafundisha watoto shuleni, akawanoa wakimbiaji wadogo. Mwaka 2007, na miaka yake 55, alikuwa mazoezini anaisaka rekodi ya wazee ya maili moja, na mwaka huo alitoa kitabu cha maisha yake, Olympic Dream, ambamo ulevi wake hakuuficha. Mwaka 2019 alirudi Kenya, baada ya miaka zaidi ya thelathini ughaibuni.

Nani alimwachisha? Mashindano hayakumwachisha, chuo hakikumwachisha, wala marafiki wa baa. Nimelizungusha swali hili kwa wiki kadhaa kwa sababu lina mlango wa kunitoa mimi. Kama mtu huacha mwenyewe, basi hata kunywa alikunywa mwenyewe, na kopo langu halina neno.

Nikamwendea Winga.

Siku hizi yuko stendi, anapakia na kupakua. Mahindi, marobota ya tumbaku yakiwa msimu, chochote. Mabega bado ni yaleyale ila magoti yamekwisha, na uso umevimba kama wa mtu aliyetoka kulia. Nilimkuta asubuhi, nikamwamkia "Mwangaluka," akaitikia vizuri, tukakaa juu ya magunia. Nikamwambia yote, habari za Rono, habari za mshale, halafu nikamwambia lile la kopo. Kwamba ni mimi niliyeanza.

Akacheka, kisha akakasirika. Akasema, "Kaka, kunywa nimekunywa mimi. Uwanja umekwenda, shule imekwenda, mke amekwenda. Unataka kunichukulia na hilo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa au kulaumiwa, na jibu lake halikuwa moja wala jingine.

Tukanyamaza, gari la Nzega likaingia, akainuka kupakua. Aliporudi alikuwa na noti mkononi. Akasema, "Kama unataka kazi ya yule mzee wako wa mishale, nishikie hizi mpaka Jumamosi. Nikija kabla, ninyime. Nitakutukana, wewe ninyime." Zilikuwa elfu tano. Nikaziandika nyuma ya daftari hilihili ninaloandikia insha, na kila jioni wiki ile akawa anapita anaongeza, siku elfu nne, siku elfu sita.

Alhamisi hakuleta. Alikuja saa mbili usiku kuzitaka. Alinitukana kama alivyoahidi, akamtukana na baba yangu aliyelala ndani, mbwa wa jirani wakaamka. Mkono wangu ulikwenda kwenye kopo la pesa mara mbili, maana ni aibu kubwa kumnyima mtu mzima jasho lake mwenyewe, na sijui ni sheria gani inaniruhusu. Nilimnyima. Akakaa barazani muda mrefu, nikamsikia anahema, halafu akaondoka.

Jumamosi alikuja mapema, amenawa uso. Tulihesabu wote wawili, elfu kumi na tisa. Akazikunja akaweka mfukoni. Alikoenda nazo sikumwuliza.

Jana kaniletea elfu saba.